Spika ya Kulia

Shehe Mohamedi, imamu wetu na mkubwa wa kikao hiki; Bwana Mwenyekiti wa mtaa; kaka yangu Athumani, unayekaa leo mahali pa marehemu baba yetu; dada yangu Mwanaisha, ambaye kikao hiki ni chake ingawa amechagua kukaa karibu na mlango; mashemeji, majirani wa Mikindani, na ninyi wanetu mliotoka Mtwara mjini: assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mmeitwa siku chache baada ya Idi, na wengi mmeniuliza mlangoni kama kuna posa au mirathi. Hakuna posa, na hakuna mirathi. Kuna jambo lililosikika ndani ya nyumba hii masika haya. Ningeweza kulieleza kwa kichwa, lakini maneno yangu ya leo yameshaujua mwisho, na shajara yangu haikuujua. Kwa hiyo, kwa idhini ya Shehe, nitawasomea nilichoandika kama nilivyokiandika, pamoja na mahali nilipowasema vibaya watu walioketi hapa. Nikimaliza nitatangaza tulichoamua.

*Jumamosi, 6 Januari*

Zuberi amenizawadia spika mbili zisizo na waya. Anasema mwanamke aliyeongoza shule akisikiliza kengele na makelele maisha yake yote anastahili kustaafu na muziki. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini bandarini, shati limejaa vumbi la magunia ya korosho, akaziweka juu ya kabati na kuziunganisha na simu yangu kwa bluetooth. Nilichagua kaswida. Sauti ilitoka kama ya mtu anayeimba ndani ya mtungi.

“Mama, spika ni nzuri. Tatizo ni nyumba,” alisema mwanangu. “Kuta hizi za mawe zilijengwa kuzuia mizinga, sembuse kaswida.”

“Zirudishwe dukani,” alisema Dada Mwanaisha kutoka jikoni.

“Mama Mkubwa, hata hujakaa ukasikiliza!”

“Nimesikia hapa hapa. Huyo anayeimba ana mafua.”

Dada ana masikio makali mno. Husikia nazi ikianguka mtaa wa pili. Yuko nami tangu Jafari, mumewe, alipomwacha, na analala chumba cha nyuma. Hapendi vitu vipya, hapendi wageni, na hapendi kelele. Namvumilia.

*Jumatatu, 8 Januari*

Mvua kutwa. Nguo hazikauki.

*Jumamosi, 13 Januari*

Nimemwita fundi kutoka Chikongola, Mtwara mjini, anaitwa Anold. Ana duka la spika na mdomo usiofungwa. Alipoingia tu alisikitika kana kwamba amekuta maiti.

“Madam, ukiweka spika juu ya kabati, unasikiliza kabati. Ukiibana kwenye kona, besi inakuwa kama mtu anagonga mlango.”

Alizishusha akaziweka kwenye vigoda, usawa wa sikio la mtu aliyeketi, mbali na ukuta. Alitandika mkeka na kutundika pazia kwenye ukuta mtupu ili mwangwi upate pa kufia. Aliiacha bluetooth, kwa kuwa, anasema, inaubana muziki kama nguo ndani ya begi, na ukiutoa una makunyanzi. Akatumia Wi-Fi, akaihamishia ruta ukumbini ili mawimbi yasilazimike kupenya kuta mbili. Mwisho alinionyesha kwamba programu yenyewe ilikuwa imewekwa kuokoa bando, akaipandisha ubora hadi juu kabisa.

Nikamwomba spika moja akaiweke chumba cha nyuma, Dada naye asikilize. Kwenye simu akaipa ya sebuleni jina “Kushoto” na ya chumbani “Kulia”.

“Ukiona imeandikwa Kulia usishtuke, Madam. Haijafiwa.”

Akasimama ukumbini akapaza sauti: “Ya nyuma inalia?”

“Inalia,” Dada akajibu.

Ni kweli. Zamani nilikuwa nikisikia wimbo. Leo nilisikia watu wakiimba.

*Ijumaa, 19 Januari*

Nimempa Anold kaseti ya mama.

Niandike ni kitu gani. Mama yetu, Bi Zuhura, aliongoza kaswida za wanawake nyumba hii, na baba alimnunulia redio kaseti kubwa yenye vipaza sauti viwili vya kurekodia, kimoja kila upande. Kaseti zote alizorekodi ziliharibika au zilirekodiwa juu yake, isipokuwa moja, ya maulidi ya masika ya mwaka 1982. Hiyo alivunja vile vijino viwili vya nyuma ili mtu yeyote asiweze kurekodi juu yake, akaifunga ndani ya kanga, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Alipokuwa hai hakuipiga hata mara moja. Nilidhani aliitunza kwa sababu aliimba vizuri siku hiyo.

*Jumamosi, 27 Januari*

Anold ameihamisha kaseti na kunitumia kwa simu, kwa njia ile ile tunayotumia kutumiana picha za harusi. Amekuja mwenyewe kuhakikisha.

Sauti ya mama ilijaa sebuleni. Nililia, na sioni haya kuandika. Wanawake waliitikia, matari yakafuata, mvua ya mwaka ule ikigonga bati na mvua ya leo ikigonga bati, nikashindwa kujua ipi ni ipi.

Anold alikuwa ukumbini, ameridhika na kazi yake. Akauliza kama alivyozoea: “Ya nyuma imelia?”

Dada akatoka chumbani. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

“Alilia,” akasema.

“Sawasawa, mama. Ikilia hivyo, kazi imekwisha,” Anold akasema, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Hakujua ameambiwa nini. Mimi nilijua.

Siku ya maulidi hayo Dada alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Mimi nilikuwa bweni Masasi, haya nimesimuliwa. Wanaume walikuwa barazani, na ili wasimsikie mzazi, mama aliwaambia wanawake wapandishe sauti, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba hizi. Kaswida ikamfunika Dada. Mkunga, marehemu Bi Somoe, alitoka chumba cha nyuma akasema mtoto amezaliwa kimya. Wazee wetu walishika kwamba asiyelia haswaliwi wala hapewi jina. Kaka Athumani alimzika alfajiri, peke yake.

Dada alisema, na hajaacha kusema: adhana ya magharibi ilipita, kaswida ikaanza tena, ndipo mtoto akalia. Mara moja. Kwa hiyo alikuwa mtu, na mtu huswaliwa. Kaka alisema yule alikuwa paka juu ya bati. Tangu hapo mtaani, mtu akidai asichoweza kukithibitisha, huambiwa: “Huyo ni paka wa Mwanaisha.” Jafari aliuvumilia utani huo miaka michache, kisha akamwacha mkewe, na sasa naye ni marehemu.

*Jumapili, 4 Februari*

Dada anasema mtoto analia chumbani mwake kila kaseti ya mama inapopigwa. Nimekaa sebuleni nikaisikiliza yote. Hakuna mtoto. Nimempigia simu Kaka.

“Umemletea mashine ya kumrudisha alikotoka,” akaniambia. “Ulikosa nini kwenye redio ya kawaida?”

“Kaka, anasema analia.”

“Ntu amekwishazeeka na bado ana paka yule yule. Zima hiyo kitu.”

Sikuzima. Lakini nilikubaliana naye kuhusu Dada, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

*Ijumaa, 9 Februari*

Nimemshauri Dada akaonane na daktari. Amenitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali mbele ya wageni.

*Jumanne, 13 Februari*

Nitaandika kwa utaratibu.

Umeme ulikatika tangu asubuhi. Habari zinasema mto Ruvuma umejaa na kivuko cha Kilambo kimesimama. Baada ya adhuhuri mvua ilipungua hadi manyunyu, nikataka kumsikia mama. Spika zina betri ndani yake, na kwa kuwa ruta haikuwa na umeme, nilizirushia mtandao kutoka kwenye simu yangu. Dada alikuwa kwa jirani akitwanga kisamvu. Nilikuwa nausikia mchi wake. Nyumba ilikuwa tupu. Nasisitiza: nyumba ilikuwa tupu.

Kaseti ilifika katikati. Spika ya sebuleni ikatoa mlio mdogo, ikazimika. Betri yake imekwisha, kwa kuwa huwa naipandisha sauti zaidi. Sebule ikanyamaza. Lakini chumba cha nyuma kaswida iliendelea, kwa mbali, nyembamba, kama mkutano wa wanawake ulionipita ukaenda kukaa huko bila kuniaga. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishiwa.

Niliinuka nikaizime. Nilikuwa nimefika katikati ya ukumbi.

Mtoto akalia.

Hakulia kama watoto wa jirani wanavyolia. Ulikuwa mlio mfupi, wenye maji ndani yake, ulioanza kwa nguvu na kuishia hewani kabla haujajua unakwenda wapi. Ulitoka ndani ya chumba kile. Ulitoka upande wa kitanda. Nimefundisha fizikia, najua spika ilikuwa juu ya kigoda kando ya kitanda, na najua sauti hutoka mahali spika ilipo. Najua. Lakini mwili wangu haukuulizia fizikia. Nilisimama nimeshika ukuta, na mawe yale yalikuwa ya baridi na yenye unyevu, na kaswida ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Kisha nikagundua kuwa mchi umenyamaza kwa jirani. Dada aliingia kwa mlango wa uani, mikono ina majani, akanikuta nimesimama vile.

“Umesikia,” akasema. Hakuuliza.

Alinishika mkono kama aliyekuwa akinisubiri kituoni miaka mingi na gari lenyewe limefika sasa hivi.

*Jumatano, 14 Februari*

Anold amekuja. Amecheka, kisha ameona nyuso zetu akaacha.

Kosa ni lake, na ni dogo. Alidhani kila spika inacheza wimbo mzima, kumbe aliziweka kama jozi: ya sebuleni inatoa nusu iliyorekodiwa na kipaza sauti cha kushoto, ya chumbani nusu ya kulia. Redio ya mama, Dada anakumbuka, ilikuwa imewekwa ukumbini. Kipaza sauti chake cha kushoto kiliwaelekea wanawake. Cha kulia kilielekea mlango wa chumba cha nyuma. Kwa hiyo kilichotokea chumbani mwaka ule kilikuwa kinarudi chumbani mwaka huu, mle mle, na sisi wa sebuleni tulikuwa tunapewa kaswida tu.

“Nitakurekebishia, Madam. Na huo mlio ni uchafu wa mkanda. Nitausafisha.”

Alikaa na kompyuta yake, akazichanganya nusu mbili kuwa moja, akapitisha programu ya kufuta kelele. Akapiga. Sauti ya mama ilikuwa safi kama imerekodiwa jana. Mvua imeondoka. Vikohozi vimeondoka. Tukafika pale, na hapakuwa na kitu. Kaswida tupu, laini.

“Mnaona? Kelele zote nimezifuta!” Anold alisema kwa furaha.

Dada alikuwa amekaa sakafuni. “Mmemzika tena,” akasema.

Hajala leo.

*Alhamisi, 15 Februari*

Dada hajala.

*Jumamosi, 17 Februari*

Nimefikiri siku tatu. Programu ile hufuta kila kisichofanana na wimbo. Mvua haifanani na wimbo. Kikohozi hakifanani na wimbo. Naye hakufanana na wimbo. Tena, kabla hata ya kusafishwa, faili lile lilikuwa limebanwa lilipotumwa kwa simu, na kinachobanwa kwanza ni vile vidogo vilivyojificha nyuma ya vikubwa. Kama nilimsikia kupitia ubanaji huo wote, basi kuna zaidi yake kwenye mkanda wenyewe.

Au hakuna, na ni paka. Kama ni paka, Dada atakuwa amepoteza hata lile shaka lililomweka hai. Nimemwambia hivyo waziwazi.

“Shamimu,” akasema, “mie sina shaka. Shaka mnalo ninyi. Nendeni mkalitoe.”

*Jumamosi, 24 Februari*

Chikongola, dukani kwa Anold. Zuberi alituendesha. Dada aliibeba kaseti kifuani, ndani ya kanga ile ile.

Nilimweleza Anold ninachotaka: mkanda upite upya, faili lisibanwe, lisisafishwe, lisitumwe kwa simu, na kushoto kubaki kushoto na kulia kubaki kulia. Alisikiliza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Akaifungua kaseti akatuonyesha ukungu mweupe ukingoni mwa mkanda. Unyevu wa masika umeingia.

“Utapita mara moja, Madam. Mara ya pili siahidi. Na hata hiyo ya kwanza…”

“Ukikatika je?” Zuberi akauliza.

“Ukikatika hapo penyewe, basi.”

Kila mtu akamtazama Dada. “Pitisha,” akasema.

Anold alisafisha kichwa cha mashine kwa spiriti, akauzungusha mkanda kwa kalamu ya bairo, taratibu, kama anayemfungua mgonjwa bendeji. Ametuzuia tusisikilize, tulitazama mistari tu ikipanda na kushuka kwenye kioo. Mpita njia aliingia kuulizia chaja. Anold, ambaye hajawahi kukataa mteja, alimwambia kwa kunong'ona arudi Jumatatu.

Mkanda ulikatika kwenye kaswida ya mwisho, mbali baada ya pale. Dada aliviokota vipande akavifunga ndani ya kanga.

*Jumapili, 25 Februari*

Tumesikiliza saa nne asubuhi, mchana mweupe, milango wazi. Nilitaka jua liwepo.

Spika zote mbili tumeziweka chumba cha nyuma, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia, na sisi watatu, Dada, Zuberi na mimi, katikati. Anold alisema ndivyo zilivyopaswa kukaa tangu mwanzo.

Sikuwa tayari. Ukuta ulitoweka. Nilisikia bangili ya mama ikigonga tari lake. Nilisikia mwanamke upande wa mbali akimwambia mwenzake asogeze mguu. Nyuma ya wanawake niliwasikia wanaume barazani, na mmoja alicheka, na nilikijua kicheko: Kaka Athumani, kijana. Watu wale karibu wote ni marehemu, na walikuwa wameketi chumbani pamoja nasi, kila mmoja mahali pake.

Kisha kaswida ikasimama, na kwa mbali, kupitia mvua, ikaja adhana ya magharibi. Dada aliinua kidole kimoja. Adhana ikaisha. Mama akavuta pumzi, akaanza ubeti, wanawake wakapokea kwa nguvu.

Mtoto akalia. Upande wa kulia, nyuma ya mlango. Na baada yake, karibu sana, sauti ya msichana ikisema neno moja: “Mwanangu.”

Zuberi alijifunika uso.

Lakini sijaandika bado kile kilichonitia baridi. Ni upande wa kushoto. Mlio ule ulipotoka, mama alikuwa katikati ya neno. Alilikata. Pakawa na pengo dogo, pumzi iliyokwama kooni. Wanawake waliendelea bila yeye. Kisha akaanza ubeti upya, kwa sauti ya juu kuliko mwanzo.

Mama alisikia.

Nimeirudia mpaka nikaogopa kuirudia zaidi. Alisikia, akaimba juu yake; halafu Bi Somoe akatoka akasema kimya, na kauli ikawa ya mkunga. Sijui mama alijiambia nini. Najua tu kwamba alivunja vijino vya kaseti ile ili asije mtu akarekodi juu ya mtoto mara nyingine.

*Jumamosi, 2 Machi*

Kaka Athumani amekuja baada ya alasiri. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

“Haya, mleteni huyo paka.”

“Karibu ukae, Kaka,” Dada akasema. “Kaa hapo kitandani. Ndipo alipozaliwa.”

Akakaa. Nikapiga. Alipojisikia akicheka barazani alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya zamani. Adhana ikapita. Mtoto akalia.

Kaka hakusogea. Nilimsubiri aseme paka.

“Rudisha,” akasema.

Nikarudisha.

“Hapo mama aliponyamaza… huwa ananyamaza hivyo?”

“Hapo tu,” nikamjibu. “Kaseti nzima, ni hapo tu.”

Aliinuka akaondoka mvuani. Kofia yake imebaki kitandani. Dada ameifua na kuianika ukumbini.

*Jumatano, 6 Machi*

Spika nimezizima, sitaki kuzisikia. Leo alasiri taa ya ile ya kulia imewaka yenyewe. Anold anasema kwa simu kwamba ni betri. Nimemwamini. Nimefunga mlango.

*Jumanne, 12 Machi*

Ramadhani imeingia. Kofia ya Kaka bado iko kwenye kamba.

*Jumanne, 19 Machi*

Kaka amefuturu kwetu. Hakugusa uji mpaka alipomaliza kusema, na aliyasema kwa Dada, si kwangu.

“Bi Somoe alikuwa kiziwi,” akasema. “Sote tulijua. Ulikuwa unamsalimia mara tatu. Na ndiye tuliyemuuliza kama ntoto alilia. Walinipa akiwa kwenye kanga, wakaniambia nikazike. Mvua ilikuwa haitazamiki. Nilimpakata hapo barazani mpaka alfajiri. Hakuwa na pumzi, Mwanaisha, wallahi hakuwa nayo. Usiku kucha nilisikiliza. Lakini nilimpakata. Ntu hapakati paka.”

“Ulimlaza wapi?” Dada akauliza. Hilo hakuwahi kuambiwa.

“Nyuma ya kaburi la babu, upande wa baharini. Nilipanda mrehani. Ukifa, napanda mwingine.”

Miaka yote hii nimeandika katika shajara zangu kwamba kaka yangu ni mtu mgumu. Nimevaa miwani nikamtazama upya. Dada akamsogezea bakuli. “Kunywa uji, Athumani, unapoa,” akasema, na akamvika kofia yake.

*Jumamosi, 30 Machi*

Tumekwenda sote watatu, Kaka, Dada na mimi, kwa Shehe Mohamedi. Alikataa kwanza kusikiliza. “Mashine si shahidi,” akasema. Kisha akamtaka Dada aeleze, naye akaeleza kama alivyoeleza siku zote, bila kuongeza neno. Ndipo Shehe akaomba sauti ya kaseti, akaisikiliza macho yamefumbwa.

“Shahidi ni mama wa mtoto,” akasema mwishowe. “Alikuwa shahidi tangu siku ile. Mashine imetuondolea tu kisingizio cha kumkataa. Aliyelia ni mtu, na mtu aliyezikwa bila kuswaliwa faradhi yake haijaanguka. Iko juu ya wale waliokuwa watu wazima siku hiyo na wangali hai.”

*Jumatano, 10 Aprili*

Idi. Zuberi aliomba aweke muziki. Dada alimwambia aweke, na aweke mzuri, siyo yule wa mafua.

Waheshimiwa, shajara inaishia hapo, na mvua nazo zimeanza kukatika.

Sasa natangaza tulichoamua, mbele ya Shehe na kwa idhini ya Kaka.

Ijumaa hii, baada ya sala ya alasiri, tutakwenda makaburini. Kaka Athumani atatangulia na kutuonyesha penye mrehani. Shehe atatuswalisha sala ya jeneza, na safu ya kwanza itakuwa ya wale waliokuwa watu wazima masika yale. Ninyi wenyewe mnajijua, na baadhi yenu nimewasikia mkizungumza barazani kwenye kaseti. Dada Mwanaisha atakuwepo. Najua si desturi yetu wanawake kufuata maziko. Shehe ameruhusu, sisi wanawake tutasimama nyuma, na atakayekuwa na neno alimalize naye leo kabla hatujatawanyika. Msemo wa paka wa Mwanaisha unakufa mtaani kwetu leo, na Bwana Mwenyekiti amekubali kuwa mlinzi wa hilo.

Hatutapiga kaseti. Hakutakuwa na kaswida, wala tari, wala spika, si ya kushoto wala ya kulia. Baada ya sala, dada yangu atalitaja jina la mwanawe. Hajamwambia mtu yeyote, hata mimi. Atalitaja mara moja, kwa sauti yake ya kawaida, naye huwa hapazi sauti.

Kwa hiyo uamuzi wa mwisho unawahusu ninyi nyote. Wakati huo, mnyamaze.